"Nyamaza, Wakubwa Wanazungumza!"

Hebu kumbuka: je, amri ya kwanza uliyompa mwanao kuhusu kusema haikuwa "nyamaza"? Kwangu mimi ilikuwa hiyo.

Jioni moja seremala alikuja nyumbani kudai fedha zilizosalia za kitanda. Nilimweleza kwa upole mwingi kwamba mshahara haujatoka. Binti yangu wa miaka minane, aliyekuwa akichambua mchele, akasema, "Baba, si juzi ulimwambia mama kwamba umeshatoka?" Nilimtupia jicho kali, na mgeni alipoondoka nikamkaripia kwa utovu wa adabu. Juma lilo hilo alirudi kutoka shuleni akicheka. Yeye na wenzake walikuwa wamempachika mtoto mmoja mwenye kigugumizi jina la kejeli, tena wakaeneza kwamba hukojoa kitandani. Nami nikacheka.

"Aliposema kweli ulimfunga mdomo," mke wangu akaniambia, "na alipomwumiza mwenzake ukamchekea."

Usingizi haukunijia usiku ule, hasa kwa kuwa riziki yangu hutokana na kuandika. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 humpa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Haki hizo ziliingizwa humo kwa mabadiliko ya 1984. Ibara ya 30 ndiyo iliyoweka mipaka: mtu asitumie uhuru wake kuvunja haki za wengine, na sheria yaweza kulinda sifa zao. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo humpa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Katika hayo yote sikuona kwamba aibu ya baba ni mpaka.

Najua wako watakaouliza, heshima je? Swali la haki. Ningeweza kumfundisha binti yangu aniite pembeni kwanza. Lakini huko pembeni seremala asingesikia, na nikiwa mkweli, deni lingeendelea kulala. Jambo linalonitisha zaidi ni jingine: mtoto aliyezoeshwa kunyamaza kila mkubwa anapoona haya, siku mkubwa atakapomgusa isivyostahili atamwambia nani?

Basi nimeacha kumwuliza, "Nani kakuruhusu kusema?" Namwuliza neno lake limemfika nani, na limemfanya nini.

Seremala tulimpelekea fedha zake sote wawili, nami nikakiri mbele ya mtoto kwamba nilidanganya. Siku ya pili binti yangu akaenda kumwomba radhi mwenzake mwenye kigugumizi. Alirudi kimya. Mwenzake hakumjibu lolote, na lile jina, akaniambia, sasa linatumiwa hata na watoto wa madarasa mengine.