Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jezi

Jioni moja nilisimama kando ya uwanja wa mchanga hapa Awasse, nikiwatazama vijana wakigawana wachezaji. Mmoja wao, aliyevaa jezi ya mistari ya buluu na nyeusi iliyopauka kwa jua, alisubiri kuitwa. Hakuitwa. Nilipouliza sababu nilijibiwa kwa ufupi: "Mwalimu, huyo si wa hapa." Mpira ukaanza, naye akaketi juu ya jiwe mpaka jua likachwa.

Jezi ile ilikuwa ya Inter, klabu ya mji wa Milano nchini Italia. Sidhani kama waliomkataa walijua kuwa klabu hiyo ilizaliwa kwa sababu ya maneno yale yale waliyoyatamka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1899 Waingereza waliokuwa wakiishi Milano, akiwamo Herbert Kilpin, waliunda klabu ya Milan. Wageni ndio waliopanda mbegu. Wenyeji wakajiunga nao na mti ukakua. Baada ya miaka michache ukazuka mjadala mkali nchini humo: je, wachezaji wa kigeni waendelee kucheza pamoja na Waitaliano, au wazuiwe? Wanachama wa Milan wakagawanyika. Usiku wa tarehe 9 Machi 1908, wale waliotaka mlango ubaki wazi walikutana katika mkahawa ulioitwa L'Orologio, wakaanzisha klabu yao. Waliiita Internazionale, yaani ya kimataifa, ili jina lenyewe liwe ahadi. Nahodha wao wa kwanza, Hernst Marktl, alikuwa Mswisi. Mwaka 1910, miaka miwili tu baada ya kuzaliwa, klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Italia.

Sisi tunaoishi karibu na mto Ruvuma hatushangazwi na habari za klabu kugawanyika. Ng'ambo ya mto, jijini Dar es Salaam, Young Africans iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake wakajitenga na kuanzisha klabu ambayo tangu 1971 inaitwa Simba. Utani wao tunausikia redioni kila msimu. Lakini tazama jambo moja: Simba na Yanga hukutana katika uwanja mmoja, chini ya kanuni moja na mwamuzi mmoja. Milan na Inter nao wametumia uwanja mmoja, San Siro, tangu mwaka 1947. Waliotofautiana hawakulazimika kuhamana mji. Hiyo ndiyo maana ya uraia: kukubali kuwa mpinzani wangu ana haki ya kuingia uwanjani kama mimi.

Hata hivyo, ahadi iliyoandikwa haijilindi yenyewe. Mwaka 1928 utawala wa kifashisti wa Mussolini, uliochukia kila kilichonukia ugeni, uliilazimisha Inter kuungana na klabu nyingine na kuitwa Ambrosiana. Kocha wake aliyetwaa ubingwa wa mwaka 1930 alikuwa Árpád Weisz, Myahudi kutoka Hungaria. Mwaka 1938 Italia ilitunga sheria dhidi ya Wayahudi, na Weisz, ambaye wakati huo alikuwa akiifundisha Bologna, akalazimika kuondoka na familia yake. Walikimbilia Uholanzi, wakakamatwa huko. Mkewe na watoto wao wawili waliuawa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942. Yeye alifia huko huko Januari 1944. Klabu ililirudisha jina lake mwaka 1945. Weisz hakurudi. Ndugu msomaji, usidharau neno dogo. Safari ile ndefu ya ukatili ilianza kwa watu kuambiwa kuwa wao si wa hapa.

Wala tusidhani kuwa historia njema humtakasa kila mrithi wake. Novemba 2005, Inter ilipocheza ugenini dhidi ya Messina, baadhi ya mashabiki wake walimtukana kwa rangi yake Marc Zoro, beki wa Messina kutoka Ivory Coast. Zoro aliushika mpira mikononi akataka kuondoka uwanjani. Wachezaji wa Inter, akiwamo Adriano wa Brazili, walimwendea na kumsihi abaki. Siku ile klabu ilikuwa na nyuso mbili: moja jukwaani, iliyosahau maana ya jina lake, na nyingine uwanjani, iliyolikumbuka.

Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Mei 2010, Inter iliishinda Bayern Munich 2-0 jijini Madrid na kutwaa ubingwa wa Ulaya. Katika wachezaji kumi na mmoja walioanza hapakuwa na Mwitaliano hata mmoja. Na katika kikosi cha msimu ule alikuwamo McDonald Mariga, kijana wa Kenya, mzungumzaji wa lugha hii ninayoiandika. Wale wa mwaka 1908 wangefurahi.

Nayasikia majibu yako. Utaniambia: "Mwalimu, Milano si Cabo Delgado. Hapa tumeona vita. Mgeni anatutia hofu." Ni kweli. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, tumejifunza kuogopa. Kufikia mwaka 2021 watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameyahama makazi yao. Lakini jiulize: katika idadi hiyo, nani hakuwa mgeni mahali fulani? Wewe uliyerejea Awasse leo, jana ulikuwa unaomba maji katika kijiji cha watu, nawe ukitazamwa kwa jicho la pembeni.

Na hata kwa usalama wenyewe, yupi anafahamika zaidi: kijana aliyeandikwa katika daftari la timu, anayejulikana kwa jina, nyumba na wazazi wake, au yule aliyeachwa peke yake juu ya jiwe? Kijana anayekosa pa kuwa mali hatakosa wa kumwita. Katiba ya Msumbiji, katika kifungu cha 35, inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria, bila kujali rangi, kabila, dini wala mahali walipozaliwa. Haikusema "isipokuwa uwanjani".

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo. Kila timu ya kijiji iwe na daftari na kanuni chache zilizoandikwa, zikisomwa mbele ya wote. Kanuni ya kwanza iwe hii: anayeishi miongoni mwetu, anayekuja mazoezini na kuheshimu mchezo, ni mwenzetu, haulizwi kama ni Mmwani, Mmakonde au Mmakua. Viongozi wachaguliwe kwa kura, na atakayemtukana mwenzake kwa asili yake akae nje.

Wazee walituambia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Mimi naisoma vingine: jembe si fimbo. Anayepewa jembe amepewa sehemu ya shamba na sehemu ya mavuno. Awasse ni njia panda. Hapa hukutana barabara za Mueda, Mocímboa da Praia na Macomia. Mji wa njia panda ukimkataa mpita njia, utakuwa umejikataa wenyewe.

Kesho jioni nitarudi uwanjani. Natumaini jiwe lile nitalikuta halina mtu.