Chafya za Mwisho wa Masika

Masika yanapoelekea ukingoni, nyasi za bonde la Mkata huwa zimerefuka na mahindi ya Kilosa huanza kutoa mbelewele. Ndipo hufika zahanati wagonjwa wenye chafya mfululizo, pua zinazotiririka kamasi jepesi kama maji, na macho yanayowasha. Wapo wanaopimwa malaria, wakakutwa hawana, kisha wakaondoka na viuavijasumu. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, nalo ni letu sisi watoa huduma.

Ua la nyasi halina rangi ya kumvutia nyuki. Kazi yake hufanywa na upepo, hivyo humwaga chavua nyingi hewani. Kwa sababu hiyo wa kulaumiwa mara nyingi si waridi lililopandwa mbele ya nyumba, bali ukoka tunaoukanyaga uani. Chavua ya mahindi ni nzito, huanguka karibu. Humsumbua zaidi aliyemo shambani. Mwaka 1873 tabibu Charles Blackley wa Manchester, naye akiwa mgonjwa wa mzio huo, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe yaliyoonyesha kwamba chavua ya nyasi huleta ugonjwa huu. Leo bado tunautibu kama maambukizi!

Viuavijasumu havitibu mzio. Vikitumiwa ovyo huzalisha vimelea sugu. Kinachohitajika kwanza ni maswali: Hali hii huanza mwezi gani? Ukiwa wapi? Mwaka jana ilikuwaje? Mwenye pumu aulizwe kwa makini zaidi, kwani mzio wa pua usiotibiwa huweza kuzidisha pumu. Homa, au kikohozi cha wiki mbili, ni jambo jingine. Hapo tupime malaria na kifua kikuu.

Dawa zipo. Setirizini kwa kawaida hailevyi kwa usingizi kama Piriton, ambayo singempa dereva wa bodaboda anayepita barabara kuu ya Mikumi. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani hufaa zaidi ikitumiwa kila siku. Nawe mgonjwa, fyeka nyasi kabla hazijachanua, jifunike pua kwa kitambaa unapofyeka, na utokapo shambani oga, ubadili nguo.

Naomba pia mwezi ambao dalili zilianza uandikwe kwenye daftari la mgonjwa, ili atakayempokea Mei ijayo asianze upya.