Kansa imepona, moyo nao uangaliwe

Mgonjwa anayerudi Bukavu baada ya kumaliza matibabu ya kansa hupokelewa kwa furaha na maombi ya shukrani. Ni haki yake. Lakini kwa aliyepigwa miale kifuani, kwa ajili ya kansa ya ziwa au ile ya tezi inayoitwa limfoma, safari bado ina sehemu ya pili: kulinda moyo.

Miale inayoua kansa haiwezi kukwepa kila kilicho karibu. Ikipita kifuani, sehemu yake hugusa moyo. Miaka ikipita, mishipa inayolisha moyo inaweza kuziba polepole, valvu zikakakamaa, na utando unaouzunguka moyo ukawa mgumu. Mwaka 2013, watafiti walitangaza matokeo kuhusu wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliotibiwa kansa ya ziwa kwa miale kati ya 1958 na 2001. Kwa kila kipimo kimoja cha miale kilichofika moyoni, kinachoitwa grei, hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo ilipanda kwa asilimia 7.4. Hatari hiyo ilianza kuonekana ndani ya miaka 5 ya kwanza na ilidumu kwa miaka 20 angalau. Kwa waliotibiwa ziwa la kushoto, moyo ulipokea miale mingi zaidi.

Hiyo si sababu ya kukimbia radioterapi. Kwa wagonjwa wengi faida yake inazidi hatari, na mashine za leo zinalenga vizuri kuliko zile za zamani. Tatizo ni kutojua, na kwa mtu wa Bukavu kutojua ni rahisi sana.

Mji hauna mashine ya radioterapi. Kinshasa iko mbali zaidi ya kilomita 1,500, na uwanja wa ndege wa Kavumu uliangukia mikononi mwa M23 Februari 2025. Mwenye uwezo huvuka Ruzizi kwenda Kigali, ambako hospitali ya jeshi ya Kanombe ilianza kutoa matibabu hayo mwaka 2019. Wengine hufika Kampala, Nairobi au hata India. Kwa hiyo miale hutolewa katika nchi moja, na moyo huja kuumia katika nchi nyingine, mbele ya muuguzi asiyejua historia ya mgonjwa.

Mama wa Kadutu akianza kukosa pumzi anapopanda mlima, miaka 10 baada ya matibabu, ni rahisi kuambiwa ni uchovu, tansio au uzee. Mara nyingi swali moja tu lingebadilisha mambo: je, uliwahi kupigwa miale kifuani?

Dawa ya kwanza ya hali hii haihitaji mamilioni ya dola. Kabla ya kuondoka hospitali ya nje, mgonjwa adai karatasi inayoonyesha upande uliotibiwa, kiasi cha miale, na majina ya dawa alizopewa, kwa sababu baadhi ya dawa za kansa, kama doksorubisini, nazo huumiza moyo. Karatasi hiyo itunzwe kama cheti cha kuzaliwa. Vituo vya afya viandike habari hiyo kwenye fishi, vipime tansio na sukari kila mara, na kumtuma mgonjwa afanyiwe ekografi ya moyo bila kungoja avimbe miguu. Mgonjwa naye aache sigara.

Lakini karatasi haiondoi wajibu wa wenye mamlaka. Mashariki ya Kongo inahitaji radioterapi yake, pamoja na madaktari wa moyo wa kutosha. Familia inayouza shamba ili kumponyesha mama kansa haipaswi kumpoteza baadaye kwa ugonjwa ambao kifaa cha tansio na swali moja vingeweza kuufichua mapema.