Bunduki Haina Jina Moja

Wapo watunzi ambao kila wanapomtaja Mangi Sina wa Kibosho humtia mkuki na ngao mikononi, kisha Mjerumani wakampa bunduki, na hapo kisa kikawa kimekwisha. Wao hudhani wamemsifu. Kwa hakika wamemtukana, kwani wamemfanya mtu asiyejua dunia ilikuwa imefika wapi.

Sina alikuwa na bunduki. Boma lake lilizungukwa na kuta za mawe, na vijana wake walijua kushindilia na kulenga kabla Hermann von Wissmann hajaukwea mlima, Februari 1891. Bunduki hizo hazikushuka kutoka Kibo. Zilipanda kutoka huku kwetu pwani, mizigoni mwa misafara, zikalipwa kwa pembe na kwa watu. Mtu wa kisiwani anayetaka kumlilia Sina na aanze kwa kufungua madaftari ya biashara ya babu zetu.

Kosa limo katika neno. Sisi wafasiri hutupa kila silaha katika kapu moja la “bunduki”, ilhali lugha yetu ina gumegume, ina gobori, ina fataki. Gumegume huwashwa kwa cheche ya jiwe, na hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Mwenye nayo akipata baruti, risasi aweza kuisubu mwenyewe. Lakini Mauser ya 1871, waliyoishika askari wa Wissmann, hutiwa kwa nyuma risasi ya milimita 11 yenye ganda la shaba, itokayo kiwandani. Silaha ya namna hiyo si mali ya aliyeishika. Ni mali ya mwenye kiwanda na mwenye bandari.

Wakubwa wa dunia walilijua hilo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliopambwa kwa maneno ya kukomesha utumwa, uliizuia sehemu kubwa ya Afrika isiingiziwe bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu, ukaacha upenyo kwa gumegume na baruti ya kawaida. Serikali zilijibakishia zile mpya. Ujerumani ilitia saini. Marekani ilitia saini. Na Zanzibar ilitia saini.

Marekani ilikuwa imekwisha kupata funzo lake. Mwaka 1876, kwenye mto Little Bighorn, baadhi ya Walakota na Wacheyenne walikuwa na bunduki za kupiga mfululizo, na askari wa Custer walikuwa na Springfield ya 1873, ya risasi moja moja. Custer akauawa. Lakini nani aliyekuwa na viwanda vya risasi? Mwaka uliofuata Crazy Horse alisalimu amri. Vivyo hivyo Mangi Meli wa Moshi alimshinda von Bülow Juni 1892. Wajerumani wakarudi Agosti 1893 wakamshinda, na mwaka 1900 wakamnyonga.

Atasema mtu kwamba Sina aliangushwa na utengano, maana watu wa Rindi wa Moshi walifuatana na Wissmann. Ni kweli. Lakini utengano huo na biashara ya silaha walinyonya titi moja: kila mangi alihitaji bunduki kwa kuwa jirani yake anazo, na kila bunduki ilihitaji mateka au pembe za kuilipia.

Tena tazama mwisho wake. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wengi Waafrika wa jeshi la Mjerumani walikuwa bado na Mauser ile ile ya 1871, ambayo baruti yake ilitoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Miaka 43! Hata aliyempigania bwana alipewa kuukuu.

Basi atakayeiimba Kibosho na auache mkuki wa kubuni. Atuambie bunduki ilikuwa ya aina gani, ilipita bandari gani, na nani alitolewa kuwa bei yake. Akishindwa kutaja hayo, na asituite mashujaa, wala asijiite mtunza historia.