Mwenyekiti Si Mkutano

Watu wazima wengi katika nchi zetu ni wanachama wa chombo fulani: SACCOS, kikoba, chama cha msingi cha wakulima, kamati ya msikiti au ya kanisa, mkutano mkuu wa kijiji. Akiba zao, mazao yao na ardhi yao huamuliwa humo. Lakini wengi huingia ukumbini bila kujua hoja hutolewaje, hujadiliwaje na hupitaje, na pengo hilo limejazwa na madai yaliyorudiwa mpaka yakaonekana kuwa sheria. Viongozi huyasema, na wanachama nao huyasema. Si ya kweli, na yanawaumiza wanyonge. Nitayajibu.

"Taratibu za vikao ni mambo ya Wazungu na wasomi, sisi huzungumza tukakubaliana."

Ni kweli kwamba kanuni nyingi tunazozitumia zimetokana na Bunge la Uingereza. Lakini shida inayotatuliwa na kanuni hizo haina kabila. Mwaka 1863 Mmarekani mmoja, Henry Martyn Robert, alitakiwa kuongoza mkutano wa kanisa mjini New Bedford, na ukamshinda. Hakuwa mwanasheria, alikuwa ofisa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1876 alichapisha kitabu kidogo cha kanuni za mikutano, na hadi leo vyama vya hiari visivyo na idadi vya Marekani huendeshwa kwacho. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida, kwa sababu watu wa kawaida ndio waliokuwa wakigombana.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haitagawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wa kijiji waliofikisha miaka 18. Mwekezaji anapokuja na ramani yake, na baadaye mgogoro ukafika kwenye vyombo vya sheria, maneno "tulizungumza tukakubaliana" hayamwokoi mtu. Kinachotafutwa ni muhtasari: mkutano uliitishwa kwa ajenda ipi, waliohudhuria ni wangapi, nani alitoa hoja, kura zilikwendaje. Mwanakijiji asiyejua kusoma ana haja na utaratibu huo kuliko profesa, maana profesa ataajiri wakili.

"Mwenyekiti ndiye mkubwa wa mkutano, akishasema, imekwisha."

Dai hili ndilo baya kuliko yote. Mwenyekiti huongoza kikao, na kazi yake ni kugawa nafasi za kusema, kulinda ajenda na kuuliza mkutano unaamua nini. Maamuzi ni ya mkutano. Tazama tulivyowafunga mikono hata wakubwa wa mabunge. Ibara ya 94 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamnyima kura ya kawaida yeyote anayeongoza kikao cha Bunge, na kumwachia kura ya uamuzi tu pale kura zinapolingana. Kenya imekwenda mbali zaidi: kwa Ibara ya 122 ya Katiba yake ya 2010, Spika hana kura kabisa, na kura zikilingana hoja imeanguka. Ikiwa Spika wa taifa zima amewekewa mipaka hiyo, mwenyekiti wa chama chenye wanachama sitini anapata wapi mamlaka ya kusema "mimi nimeshaamua"?

Mwanachama anayeona kanuni inavunjwa ana haki ya kusimama na kusema, "Mwenyekiti, kuhusu utaratibu." Wakenya huiita hoja ya nidhamu. Huo si utovu wa adabu, ni mlango uliowekwa makusudi. Ila nao una masharti yake: anayeutumia ataje kanuni iliyovunjwa, kisha akae. Wanaoutumia ili kujipatia dakika tano za hotuba wanauharibia sifa.

"Nilishatoa hoja yangu, lakini wameipuuza."

Malalamiko haya husikika sana nje ya ukumbi, chini ya mti, mkutano ukishafungwa. Mara nyingi mlalamikaji hakutoa hoja. Alitoa maoni. Alisimama, akaeleza kwa uchungu jinsi riba ya mikopo inavyowanyonga wanachama, akapigiwa makofi, akakaa. Katibu akaandika kwamba mjumbe alichangia. Basi.

Hoja ni pendekezo ambalo mkutano unaweza kulijibu kwa ndiyo au siyo. "Natoa hoja kwamba riba ya mikopo ya dharura ipunguzwe kutoka asilimia tatu hadi mbili kwa mwezi, kuanzia mwezi ujao." Hapo pana kitendo, pana kiwango, pana tarehe. Baada yake anahitajika mwenzako aseme, "Naafiki." Kwa kusema hivyo anaonyesha kwamba jambo hili si la mtu mmoja na linastahili muda wa mkutano. Kisha mwenyekiti anaisoma hoja ili kila mtu ajue kinachojadiliwa, mjadala unafunguliwa, na mwisho kura inapigwa. Hoja iliyoafikiwa haiwezi kuzungukwa. Lazima ipate jibu, hata likiwa siyo. Nawasihi hasa akina mama wa vikoba, wanaobeba vyama hivi mabegani: andikeni hoja yenu kwenye karatasi kabla ya mkutano, sentensi moja tu, na mwafikiane mapema nani ataiunga mkono. Maneno yaliyoandikwa hayapotezwi kirahisi na mtu wa mbele mwenye kipaza sauti.

Na anayetaka kuibadilisha hoja ya mwenzake si adui. Anasema, "Napendekeza marekebisho: badala ya mwezi ujao, iwe mwanzo wa mwaka wa fedha." Marekebisho hupigiwa kura kwanza, kisha hoja yenyewe kama ilivyorekebishwa. Mpangilio huu ukivurugwa, watu huishia kupigia kura kitu wasichokijua.

"Hakuna aliyepinga, kwa hiyo imepita kwa kauli moja."

Mwenyekiti anauliza haraka, "Tumekubaliana?", nusu ya ukumbi inapiga makofi, na kwenye muhtasari yanaandikwa maneno "kwa kauli moja". Kimya si kura. Mtu hunyamaza kwa woga, kwa uchovu, kwa sababu anayetoa pendekezo ni shemeji yake, au kwa sababu hakulisikia swali. Ndiyo maana bungeni huulizwa pande zote mbili: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Swali la pili lisipoulizwa, kura haijapigwa. Na sauti zikitatanisha, kuna kuhesabu.

Wanaodhani namna ya kupiga kura ni jambo dogo wakumbuke Bunge Maalum la Katiba lililokutana Dodoma mwaka 2014. Kabla ya kuigusa rasimu ya katiba yenyewe, wajumbe walitumia wiki kadhaa kwenye kanuni, na mvutano mkubwa ulikuwa huu: kura iwe ya siri au ya wazi? Mwishowe kanuni ziliruhusu zote mbili. Wakati ule wananchi wengi waliona ni kupoteza fedha za umma kwa posho za bure. Mimi naona ule mvutano ulikuwa wa haki kabisa. Mjumbe anayetazamwa na kiongozi wa chama chake hapigi kura sawa na mjumbe aliye peke yake na karatasi yake, na kila aliyekuwa Dodoma alilijua hilo. Kwenye chama chako pia, jambo likimhusu mtu kwa jina lake, kumchagua au kumwondoa, dai kura ya siri.

"Akidi ilitimia asubuhi, basi tuendelee."

Akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji inayotakiwa, haikuwekwa kwa ajili ya kufungulia mkutano tu. Shabaha yake ni kwamba watu wachache wasiamue kwa jina la wengi, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi saa kumi jioni, watu wakishakula na kuondoka, kuliko saa tatu asubuhi. Katiba ya Tanzania inadai nusu ya wabunge wote. Kenya inadai wabunge 50 katika Bunge la Taifa na maseneta 15 katika Seneti. Na yako mambo yanayodai zaidi. Februari 2019 muswada wa usawa wa jinsia ulianguka katika Bunge la Taifa la Kenya bila hata kupigiwa kura ya mwisho: walihitajika wabunge 233, yaani theluthi mbili, wakahudhuria 174. Unaweza kuhuzunika na matokeo yale, kama nilivyohuzunika mimi, lakini kanuni iliyowazuia waliokuwa na nia njema siku ile ndiyo itakayowazuia wenye nia mbaya kesho.

Kwa hiyo ukiona viti vimebaki vitupu na jambo zito linaletwa, simama uombe wahudhuriaji wahesabiwe upya.

"Kwenye mengineyo tunaweza kuamua lolote."

Hapa ndipo viwanja vya vyama huuzwa. Ajenda inatumwa ikiwa na mambo ya kawaida: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya fedha. Mwishoni kabisa, chini ya mengineyo, linachomekwa pendekezo la kuuza mali au kubadili katiba. Mwanachama aliyebaki nyumbani kwa kuwa ajenda haikumgusa amenyang'anywa sauti yake. Mengineyo ni mahali pa matangazo, rambirambi na maswali madogo. Jambo linalogusa mali, katiba au uongozi liwe kwenye taarifa ya mkutano, kwa muda uliowekwa, na likiletwa kwa kushtukiza toa hoja liahirishwe hadi mkutano ujao.

"Wengi wape, wachache wanyamaze."

Wengi wapewe ushindi, ndiyo. Lakini wachache wana haki ya kusikilizwa kabla ya kura, kupinga bila kutukanwa, na upinzani wao kuandikwa kwenye muhtasari wakiomba. Wengi wa leo wanaowazomea wenzao wanajifungia mlango wenyewe, maana uongozi hubadilika.

Kabla ya mkutano mkuu ujao wa chama chako, nenda kwa katibu ukaombe nakala ya katiba ya chama. Ni haki yako kuisoma, huhitaji kueleza sababu. Tafuta vifungu vya akidi, vya taarifa ya mkutano na vya upigaji kura, uvinakili kwenye daftari, na uende nalo ukumbini.