Orodha ya Faili Ikigoma, Tusibomoe Ulinzi wa Seva

Mtumiaji anaingiza jina na nywila, seva ya FTP, itifaki ya kuhamisha faili, inamkubali, kisha orodha ya faili haitokei. Lawama huangukia kasi ya intaneti, na fundi aliyebanwa na muda huzima faiawoli ili kazi iendelee. Hilo ni kosa kubwa. Kiini cha tatizo kimo katika muundo wa FTP yenyewe, na taasisi inayosumbuliwa nalo mara kwa mara inapaswa kuhamia SFTP, itifaki ya kuhamisha faili kwa usimbaji, si kulegeza ulinzi.

FTP ilibuniwa na Abhay Bhushan mwaka 1971, kabla ya faiawoli kuwepo. Hutumia miunganisho miwili: wa kwanza, kupitia poti 21, hubeba amri na nywila, wa pili hufunguliwa upya kila inapohitajika orodha au faili. Ndiyo maana mtu huweza kuingia bila shida halafu asione kitu. Katika hali ya aktivu, seva ndiyo inayomfuata mtumiaji, na ruta yake huizuia kama mgeni asiyealikwa. Katika hali ya pasivu, mtumiaji huifuata seva kwenye poti inayotajwa papo hapo. Poti hiyo ikiwa imefungwa, au seva ikitaja anwani yake ya ndani, kwa mfano inayoanza na 192.168, muunganisho haufiki. Kosa namba 425 huwa na maana hiyo hiyo: njia ya data haikufunguka.

Wapo watakaosema tiba inajulikana: tenga poti chache za pasivu, fungua hizo tu, na uiwekee seva anwani yake ya nje. Ni kweli, na fundi aanzie hapo. Lakini orodha ikishaonekana, nywila bado husafiri wazi, na anayenasa mawasiliano njiani huisoma. Ukisimba FTP kwa itifaki ya TLS, faiawoli iliyokuwa ikisoma amri ili ijue poti ya kufungua haioni tena kitu, na orodha huweza kugoma upya. SFTP hupitisha amri, nywila na faili katika muunganisho mmoja uliosimbwa, kwa kawaida kupitia poti 22, hivyo hakuna mlango wa pili wa kubahatisha.

Hoja nzito zaidi ya kupinga kuhama ni ya gharama na ya mashine za zamani zinazojua FTP pekee. Hata hivyo programu ya OpenSSH, yenye SFTP ndani yake, hutolewa bure, na mashine hizo zinaweza kubaki kwenye mtandao wa ndani usiofikiwa kutoka nje. Tena wengine wameshaiacha FTP: mradi wa Debian ulifunga seva zake za umma za FTP mwaka 2017. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliiondoa FTP mwaka 2021. Kadiri taasisi inavyochelewa, ndivyo programu zinazoikubali FTP zinavyopungua. Viongozi wawape mafundi wao muda na idhini ya kuhama sasa, maana nywila zilizo hatarini ni za watu waliowaamini.