Telefone yako inaambia nini motoka ya kazi?

Motoka za kazi zinazofika leo, jip na kamyo, nyingi ziko na kioo cha kugusa mbele ya shofere na mikrofoni ndogo juu ya kichwa chake. Unaunganisha telefone kwa Bluetooth, simu inalia, unafinya kifungo ku volani, unaongea. Kwa usalama tunasema sawa, hata kama mtu anayebishana na shemeji yake juu ya mahari, akili yake haiko tena barabarani. Lakini leo naleta swali lingine: telefone inaambia motoka kitu gani, na nani anaweza kukagua?

Mambo yenyewe si uchawi. Telefone na motoka zinaongea kwa maneno mafupi yaliyotoka ku modemu za zamani. Simu ikiingia, telefone inatuma RING, kiisha CLIP pamoja na namba ya anayepiga. Motoka ikituma ATA, simu inafunguka. Ikituma AT+CHUP, inakatika. Sauti iko na njia yake ya pembeni.

Katika Linux, programu yenye kode wazi, kazi hii imegawanywa. BlueZ inashika Bluetooth, tangu 2001. oFono, iliyoanzishwa na Intel na Nokia mwaka 2009, inashika simu: kujibu, kukata, kumwekesha mtu angoje. PulseAudio au PipeWire inapeleka sauti ku spika na kuitoa ku mikrofoni. Kuandika kifungo cha kujibu simu ni mistari michache ya Python inayoomba oFono ijibu. Mtoto wa mchimbaji anayesoma enformatike Lubumbashi ao Kolwezi anaweza kufanya hivyo na kompyuta ya zamani, bila kulipa lisansi. Taabu iko ku sauti. Chipu zingine haziipitishi ku kompyuta, zinaitupa ku nyaya zake zenyewe: simu inafunguka, dakika zinahesabika, na hakuna anayesikia mwenzake. Vijana wanapoteza siku nzima pale.

Sasa tufike kwetu. Mara ya kwanza ukiunganisha, telefone inauliza kama unakubali kutoa majina. Ukigusa ndiyo, kitabu cha majina, na mara nyingi orodha ya simu ulizopiga na ulizopokea, vinakopiwa ndani ya motoka. Fikiri delege wa sendika: mule muko namba za wenzake, ya avoka, ya inspekteri wa kazi. Na motoka si yake. Jioni inachukuliwa na shofere mwingine, ao inaingia garaji ya sosiete. Hata ukikataa kutoa majina, namba ya kila anayekupigia inapita, na sauti yako pia. Pale sauti inapita, programu inaweza kuirekodi. Sisemi kwamba patroni fulani anafanya hivyo. Nasema kode ikiwa imefungwa, sisi hatuwezi kuhakikisha kwamba hafanyi, na yeye pia mara nyingi hawezi, sababu alinunua kisanduku tu.

Kode wazi inasaidia, lakini tusidanganyike. BlueZ na oFono ziko chini ya lisansi GPL toleo la 2: anayekuuzia mashini yenye programu hizo analazimika kukupa kode yake ukiiomba. Kumbe mnunuzi ni sosiete, si sisi.  Tena, juu ya msingi wazi fundi anaweza kuweka programu yake iliyofungwa. Toyota Camry ya 2018 kule Marekani ilitoka na kioo kilichojengwa juu ya Automotive Grade Linux. Hiyo haimaanishi kwamba mwenye motoka anaona kila kitu kilicho ndani.

Kwa hiyo jambo hili ni la mazungumzo na patroni, si la mafundi peke yao. Kodi ya numérique ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na namba za ndugu zako ni habari kama hizo. Delege anaweza kuuliza ku komite ya usalama: motoka hizi zinaweka nini, kwa muda gani, nani anafuta? Na sosiete inaponunua motoka mpya, iombe kode na kuandika ndani ya kontra kwamba kukopia majina kunafungwa tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya kobalti ya batri za telefone inatoka hapa, na tangu Oktoba 2025 serikali inaruhusu iuzwe nje kwa kiasi kilichopimwa tu; habari zetu zinatoka bila kupimwa.

Mbele ya hayo kufika: motoka ikiuliza majina, gusa hapana. Na siku unarudisha funguo, ingia ku orodha ya Bluetooth ya kioo, tafuta jina la telefone yako, futa. Kiisha futa motoka ile ndani ya telefone.